UZI: Umehamia Bluesky au Mastodon na huoni kitu cha maana? Tuzungumze posti zinakufikiaje huko, na Kiswahili kinajificha wapi

Fundi Fidi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna swali linanifuata inboksi kila kukicha, hasa kutoka kwa waliohama X kwenda mitandao ya kijamii ya Bluesky na Mastodon. Wengine walihama ilipofungiwa Tanzania Mei 2025, wengine wamechoka tu. Swali lenyewe: "Nimefungua akaunti Bluesky, naona paka na siasa za Marekani tu. Waswahili wako wapi?" Wa Mastodon ndiyo kabisa, hata hao paka hawawaoni.

Waswahili wapo. Ila mlikotoka kulikuwa na mashine inawatazama usiku na mchana na kuwaletea vitu mdomoni. Mlikohamia mashine hiyo ama haipo, ama zipo nyingi na hakuna atakayewachagulia. Nimeamua kuandika mara moja nisiwe najibu mmoja mmoja. Ni mrefu, kaeni mkao wa kula.

Tuanze na mlikotoka. Facebook walileta News Feed 2006. Twitter ilikuwa inapanga posti kwa muda tu mpaka Februari 2016, ilipoanza kutanguliza inazodhani utazipenda. TikTok ikaenda mbali zaidi, huko hata kufuata mtu si lazima. Mashine zote hizi zinategemea jambo moja: kampuni inaona kila kitu. Nani kalaiki nini, kasimama wapi, karuka nini. Inatengeneza jedwali kubwa, watu upande huu na posti upande ule. Ikiona mimi na wewe tumependa posti nyingi zilezile, basi ile niliyoipenda mimi na wewe hujaiona unaletewa. Mbinu yenyewe ni ya miaka ya 1990, ilianza kwa kupendekeza habari za Usenet (majukwaa ya zamani ya mijadala mtandaoni) na filamu, kabla hata ya hizi simu.

Sasa ukishaugawa mtandao kwenye maelfu ya seva zenye wenyewe tofauti, nani analo hilo jedwali? Hapo ndipo Mastodon na Bluesky zinaachana njia.

MASTODON. Ilitoka 2016, kaianzisha Eugen Rochko kule Ujerumani. Inatumia ActivityPub, itifaki (yaani kanuni za seva kuzungumziana) ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, waliipitisha rasmi Januari 2018. Ukurasa wako wa nyumbani ni watu uliowafuata, kwa mpangilio wa muda, basi. Ukilaiki posti, taarifa inakwenda kwenye seva ya aliyeandika, haisambazwi kwa dunia nzima. Ndiyo maana posti moja ukiitazama kutoka seva mbili unaweza kuona idadi tofauti za laiki, na watu wanadhani ni hitilafu. Si hitilafu, hakuna seva inayoona zote. Na kwa kuwa hakuna anayeona zote, hakuna wa kulijaza lile jedwali. Laiki ya Mastodon kazi yake ni kumwambia mwandishi "nimeipenda", haiipeleki posti kwa wafuasi wako. Ukitaka posti itembee, uibusti, yaani uirushe kwa wafuasi wako. Wageni wengi hawalijui hili: wanalaiki mwezi mzima, hawabusti hata moja, halafu wanasema mtandao umekufa.

Kuna la pili, na hili ndilo linaua seva ndogo. Seva yako inazifahamu posti za nje kutokana na watu wanaofuatwa na angalau mtu mmoja wa seva hiyo. Ukijiunga na seva ya watu kumi wapenda baiskeli wa Uholanzi, ukatafuta neno "Kiswahili", utapata sifuri. Haina maana hakuna aliyeandika; seva yako haijawahi kuletewa. Ukiwa wa kwanza kumfuata mwandishi wa Mombasa, umeifungulia mlango seva nzima.

La tatu, kutafutwa huko ni kwa hiari. Tangu toleo la 4.2 la Septemba 2023 unaweza kutafuta maneno ndani ya posti za wengine, lakini za wale tu waliokubali posti zao zitafutwe. Ni kisanduku kwenye mipangilio ya faragha na ufikiaji, na hakijawekwa tiki mpaka ukiweke mwenyewe. Kina jirani yake, kile cha kuruhusu wasifu wako uonyeshwe kwenye mapendekezo. Wabongo wangapi wameviweka tiki? Nendeni mkaangalie sasa hivi kabla hamjaendelea kusoma.

Dawa ya Mastodon ni hashtegi. Tangu toleo la 4.0, Novemba 2022, unaweza kufuata hashtegi kama unavyofuata mtu, na posti zake zinaingia ukurasa wa nyumbani. Fuata #Kiswahili, #Swahili, #Kenya, #Tanzania, #Zanzibar. Ukiandika weka hashtegi hata kama ulikuwa unaziona za kishamba kule Twitter. Mastodon ni anwani, siyo mapambo.

BLUESKY. Wazo lilitangazwa ndani ya Twitter 2019, likajitenga likawa kampuni chini ya Jay Graber, na milango ikafunguliwa kwa wote Februari 2024. Kule karibu kila kitu ni hadharani. Laiki yako ni rekodi iliyo wazi kwenye hifadhi yako, mtu yeyote duniani anaweza kuisoma. Rekodi zote zinapita kwenye mkondo mmoja mkubwa, na mtu yeyote anaweza kuutega sikio, mpaka mtoto wa shule mwenye kompyuta. Kwa hiyo lile jedwali linajazika, tena na mtu yeyote.

Matokeo yake ni fidi maalumu (orodha za posti zilizochaguliwa kwa vigezo fulani), zilizoanza Mei 2023. Mtu wa nje anaweka seva yake, inasikiliza mkondo, inachagua posti kwa vigezo vyake. Wewe ukifungua hiyo fidi, Bluesky inaiuliza ile seva "nipe orodha", inajibiwa orodha ya anwani za posti tu, bila maandishi wala picha. Bluesky yenyewe ndiyo inajaza yaliyobaki. Kwa hiyo mwenye fidi hahitaji mashine kubwa. Kuna fidi inaitwa For You, kaitengeneza mtu binafsi na si kampuni, inafanya lile la jedwali: inawatafuta waliolaiki ulivyolaiki wewe, inakuletea vingine walivyolaiki. Kwangu mimi inaipita Discover ya kampuni yenyewe.

Lakini haitakuletea Waswahili kama hujalaiki posti yoyote ya Kiswahili. Ukitaka ikujue, ipe cha kushika. Wiki ya kwanza tafuta posti za Kiswahili kwa mkono na uzilaiki kwa makusudi.

Na sasa ndiyo nafika nilikokuwa nakuja. Kila posti Bluesky inabeba lebo ya lugha. Iko chini ya kisanduku cha kuandikia, neno dogo ambalo hakuna anayeliangalia. Simu zetu nyingi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo lebo inakuja "English". Unaandika "Jamani leo Kariakoo hapapitiki, mvua imemwagika", posti inaondoka imeandikwa mgongoni kwamba ni Kiingereza. Mwenye fidi ya Kiswahili akichuja kwa lebo ya "sw", yaani kifupi cha Kiswahili, wewe haumo. Mwingereza anayetaka Kiingereza tu analetewa wewe, anakupita. Umejipoteza pande zote mbili, na mashine haina kosa, imefanya ulivyoiambia.

Mastodon ni hivyohivyo: kuna lugha ya kuandikia kwenye mipangilio, unaiweka Kiswahili mara moja inakaa.

Nimekuwa nikijenga fidi ya Kiswahili ya Bluesky jioni jioni nikitoka kazini, na hapo ndipo nimeona ukubwa wa hili. Nitaeleza chini kama kuna wanaotaka. Karibuni, na wenye kupinga pia.

---

Jirani254

Asante kwa somo, lakini nina swali la ubishi kidogo. Kwani shida ya algorithimu, hizo mashine zako za kuchagua posti, ni gani? Sisi KOT (Kenyans on Twitter) tulijengwa na algorithimu. Jambo likitokea Nairobi saa mbili asubuhi, saa tatu liko kwa kila simu. Hakuna mtu alikaa chini kufuata hashtegi. Huko kwenu naona ni kama kurudi nyuma, mtu achote maji kisimani na mfereji uko jikoni.

---

Fundi Fidi

Jirani, sijasema algorithimu ni mbaya. Tena niseme wazi, wale wanaojisifu "sisi tunaona kwa mpangilio wa muda, hatuna algorithimu" wanajidanganya. Mpangilio wa muda nao ni kanuni ya kuchagua. Unampendelea anayeandika sana. Mtu mmoja mwenye posti arobaini kwa siku anawafunika kumi wanaoandika moja moja nzuri.

Halafu kuna saa. Saa nne usiku hapa kwetu, New York ni mchana, ndiyo wanamiminika. Ukifungua fidi ya muda wakati huo, posti ya Mswahili ya saa kumi na mbili jioni iko chini umbali wa kusogeza kidole mpaka kichoke. Fungua saa nne asubuhi, Wamarekani wamelala, ndiyo unawaona majirani zako. Algorithimu nzuri ingekutunzia ile ya jioni.

Ninachopinga ni kutoweza kuibadilisha. Twitter waliweka hadharani sehemu ya msimbo wa mapendekezo yao Machi 2023, tukausoma, tukaona vigezo. Ungefanya nini navyo? Huwezi kuhamia vingine. Ulaya mpaka wakatunga sheria: mitandao mikubwa sana lazima impe mtumiaji walau njia moja ya mapendekezo isiyotegemea kumchunguza tabia. Hiyo ni Ulaya. Wewe wa Kasarani na mimi wa Temeke hatumo.

---

Mtoto wa Makorora

Mkuu umeongea. Mimi ni mmoja wa waliokimbia. Nilijiunga seva moja ndogo, sitaitaja, nikakuta kama nimeingia ukumbi wa harusi siku harusi imeahirishwa. Kumbe ni hilo la seva kutojua posti za nje. Sasa swali, nihame niende seva kubwa? Na nikihama wafuasi wangu ninao wachache, watabaki?

---

Fundi Fidi

Wafuasi wanahama na wewe, Mastodon ina njia ya kuhamisha akaunti na wafuasi wanaelekezwa wenyewe. Posti za zamani ndizo zinabaki kule. Kubwa ina faida ya kuona mengi. Ndogo ina faida moja: ukurasa wa wenyeji wa seva ni mtaa wako. Kungekuwa na seva ya Waswahili yenye watu mia tatu wanaoongea kweli, usingehitaji algorithimu yoyote, ungesoma ukurasa wa wenyeji umalize. Kwa sasa nenda kubwa. Mwenye seva ndogo pia anaweza kujiunga na rilei, seva inayopokea na kusambaza posti za seva nyingi, ila zitakuja za lugha zote na diski itajaa.

Na usiitegemee sana sehemu ya zinazovuma. Kwa kawaida hashtegi haionyeshwi pale mpaka msimamizi wa seva aikubali. Msimamizi wa Berlin akiona #Mashujaa anajuaje kama ni sikukuu ya Kenya au ni matangazo ya kamari? Anaiacha.

---

Bi Ruwi

Salaam aleikum wote. Naandika kutoka Maskati. Kuhusu hiyo lebo ya lugha, mwanangu, mimi naandika mchanganyiko. Sentensi ya Kiswahili, katikati Kiarabu, mwisho Kiingereza. Niweke ipi?

---

Fundi Fidi

Wa aleikum salaam Bi. Bluesky inaruhusu mpaka lugha tatu kwa posti moja, kwa hiyo weka zote tatu, umekamilika. Mastodon ni moja tu, weka ile iliyotawala.

---

Jirani254

Ngoja hapo. Nikiweka "Swahili" peke yake, si mtu aliyechagua kuona Kiingereza pekee hataniona tena? Nina wafuasi wengi hawajui Kiswahili. Hapo umeniambia nijifungie nje.

---

Fundi Fidi

Ni kweli, na si la kupuuza. Bluesky ina mpangilio wa lugha za maudhui. Aliyechagua Kiingereza tu, posti yenye lebo ya "sw" pekee inaweza isimfikie kwenye fidi nyingi. Posti ya mchanganyiko weka lebo mbili. Posti ya Kiswahili kitupu, kwani huyo wa Kiingereza angefanya nayo nini? Hatalaiki, hatajibu. Na fidi zinazohesabu laiki zinaiona posti haina laiki. Heri watu ishirini wanaosoma.

---

Dakta wa Bando

Tuache falsafa, hiyo fidi unayojenga inafanyaje kazi? Mimi ni mtu wa TypeScript kidogo, ile lugha ya kuandikia programu. Gharama?

---

Fundi Fidi

Haya, wenye mzio wa mambo ya ufundi rukeni posti hii.

Njia rahisi kabisa ni zile zana za kujenga fidi bila msimbo, kama SkyFeed na Graze. Unapanga vigezo kwa kubofya: chukua posti zote, baki na zenye lebo ya "sw", ondoa majibu, panga kwa muda. Nusu saa umemaliza. Nilianzia huko.

Nikahamia seva yangu kwa sababu ya lile tatizo la lebo. Bluesky wametoa msimbo wa mfano wa TypeScript, unausoma na kuubadilisha. Badala ya kumeza mkondo wote mzima, unatumia Jetstream, inakupa JSON nyepesi na unaweza kuomba aina moja tu ya rekodi, mfano posti bila laiki. Zinazopita vigezo naweka anwani zake kwenye SQLite, za zamani zinafutwa. Seva ya dola 5 au 6 kwa mwezi inatosha na inabaki na nafasi.

Ugumu uko kwenye kuwakamata wenye lebo ya Kiingereza wanaoandika Kiswahili. Ni lazima usome maneno. Ukianza na maneno mafupi kama "na", "ni", "kwa", umekwisha: "na" inakuletea Wapolandi na Wabrazili, "ni" iko kila mahali, "kwa" inakuletea Wazulu na Wachewa. Ukija kwenye "sana" ukadhani uko salama, wanakuja Waturuki, Wafini na Wahispania kwa pamoja, wote wanalo neno hilo kwa maana zao. Hata "lakini" Wafini wanayo. "Hakuna" peke yake inaleta matata, yaani zile posti za Wazungu walioangalia katuni ya simba.

Kilichofaa ni kutotegemea neno moja. Posti inapewa alama: "kwamba", "hivyo", "yangu", "wewe", "watu", "bado", "jamani", kila moja ina uzito wake, na lazima zifike kiwango. Viambishi navyo vinasaidia: neno linaloanza na "nina", "ana", "tuna", "hawa" na kuishia na "a" au "i" linapewa kidogo. Posti za maneno matatu zinaniponyoka, siwezi kuzipata bila kuleta takataka. Nimeziacha.

Lugha ikishapatikana linakuja swali la nani atangulie. Kwa sasa ni muda tu, lakini naweka kikomo: mtu mmoja asizidi posti tatu katika thelathini za juu. Hiyo peke yake imebadilisha fidi kuliko kitu kingine chochote. Mwanzoni akaunti mbili za kutangaza dawa za nguvu za kiume zilikuwa zimekalia ukurasa mzima.

---

Mkaazi wa Goma

Fundi, naona maneno yako yote ni ya Dar na Nairobi. Sisi huku Goma na Bukavu tunaandika "batu" siyo "watu", "apana" siyo "hapana", "kuya" siyo "kuja". Tena katikati tunaweka Kifaransa. Hiyo mashine yako haitatuona hata siku moja, na itasema Kongo hakuna Waswahili.

---

Fundi Fidi

Na ndivyo ilivyo mkuu, ilivyo sasa haiwaoni. Nitumie orodha ya maneno yenu ya kila siku, hasa yale yasiyofanana na Kilingala, maana "batu" na "bato" zinakaribiana na sitaki kuwachanganya. Kifaransa hakina shida, alama zinahesabiwa kwa maneno ya Kiswahili yaliyomo, yaliyobaki hayapunguzi kitu.

Hili ndilo napenda watu walione. Kampuni kubwa ikikosea hivyo, Goma ingemwambia nani? Hapa umeniambia mimi, na usiponipenda unachukua msimbo unatengeneza yenu. Kuna mfano mzuri: Blacksky, fidi na huduma za jamii ya Watu Weusi zilizoanzishwa na Rudy Fraser. Walianza na fidi, wakaweka wasimamizi wao wa maudhui, mpaka wakajenga miundombinu yao ndani ya itifaki ileile. Hawakumwomba mtu ruhusa.

---

Mtoto wa Makorora

Umesema kila kitu kiko hadharani Bluesky. Yaani mwenye fidi anajua mimi nimeifungua? Maana kuna fidi nyingine mtu hapendi ajulikane anatazama.

---

Fundi Fidi

Anaweza kujua. Bluesky ikiiuliza seva ya fidi, kwa kawaida inatuma na kitambulisho cha anayetazama, ili mwenye fidi aweze kumpangia kivyake. Kwa hiyo mwenye fidi anaweza kuweka kumbukumbu kwamba akaunti fulani ilifungua saa fulani. Mimi sihifadhi, fidi yangu ni sawa kwa wote, lakini hilo unalichukua kwa kuniamini tu. Kenya ina sheria ya data binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, ila mwenye fidi anaweza kuwa Kanada au Japani, utamfuata wapi? Fidi nyeti usiifungue kwa akaunti yenye jina lako.

Ukitaka mapendekezo yanayokujua, kuna mtu lazima akujue. Mastodon wamekataa kukujua, ndiyo maana wanakuacha utafute mwenyewe. Bluesky wamekubali kila mtu akujue, ndiyo maana fidi zake ni tamu. Kila mtu achague anachokiweza. Mimi natumia zote mbili, na mambo ya familia siandiki popote.

---

Dakta wa Bando

Na Nostr, mtandao mwingine wa aina hii? Naona hamjaigusa.

---

Fundi Fidi

Nostr huna akaunti, una funguo, na posti zako unazituma kwenye rilei unazotaka. Programu nyingi zinapanga kwa ukaribu wa watu: unaowafuata, na wanaofuatwa na hao. Inachuja matapeli vizuri, lakini mgeni asiyemfuata mtu anaanzia gizani kuliko Mastodon. Na mazungumzo mengi ya kule ni ya bitcoin. Kama hiyo ndiyo kazi yako, nenda.

---

Bi Ruwi

Mimi mwanangu fidi zimenishinda kidogo. Kuna mjukuu kanitumia kiungo, nikabonyeza mara moja nikajikuta nafuata watu wengi wa Zanzibar na Lamu. Ile ni nini? Maana ndiyo iliyonisaidia.

---

Fundi Fidi

Hiyo Bi inaitwa Starter Pack, ililetwa Juni 2024. Mtu anakusanya akaunti mpaka 150, anatengeneza kiungo, anayekibonyeza anawafuata wote kwa mpigo. Kwa wageni hakuna kilicho rahisi zaidi, na mjukuu wako kafanya la maana.

Ila niwaonye watengenezaji. Vifurushi vinawanenepesha walionenepa. Kila mtu anaanza na majina yaleyale, mwandishi yuleyule wa habari, mchekeshaji yuleyule, wanapata wafuasi kwa maelfu, na yule mama wa Pemba anayeandika vizuri kuhusu mwani na karafuu hajawekwa na mtu. Ukitengeneza, nusu yake jaza watu wasiojulikana. Na ukiwekwa kwenye kifurushi usichokitaka, unaweza kumzuia mtengenezaji.

---

Jirani254

Sawa, nimekubali kujaribu. Nimebadilisha lugha iwe Swahili na Kiingereza, nimefuata vifurushi viwili. Shida, posti zangu zote za wiki hii zimeenda na lebo ya Kiingereza na zingine ni Kiswahili sanifu kabisa. Narekebisha wapi?

---

Fundi Fidi

Mastodon ungebonyeza kuhariri, ukabadilisha lugha, ukahifadhi, kwisha. Bluesky mpaka sasa haina kuhariri posti. Ama uifute uandike upya upoteze majibu yake, ama uiache. Ziache, za Kiswahili sanifu fidi yangu itakuwa imezikamata kwa maneno. Nitumie kiungo cha mojawapo inboksi niangalie ilipata alama ngapi.

Mkaazi wa Goma, bado nasubiri orodha yako.